Maswali yenu kuhusu zabibu za Georgia na waini zake

Toleo lililopita niliwasimulia safari yangu ya Kakheti, mashariki ya Georgia, nilivyofika wakati wa kuvuna zabibu na nikakaa kwenye nyumba ya familia moja wiki nzima. Nikasema pale kwamba nchi ile ina zabibu zake za asili zaidi ya mia tano na kila moja ina jina. Sikutegemea barua zitakuwa nyingi hivi, tena kutoka kila kona, kwahiyo safu yote ya leo nawaachia nyie.

"Dada habari, mi ni mkulima wa zabibu hapa Dodoma, nina ekari mbili. Hiyo Georgia ni ile ya Marekani au? Na hizo aina mia tano mbona kama umeongeza chumvi, huku kwetu ukimuuliza mtu hii zabibu gani anakujibu nyekundu, au nyeupe, basi imeisha." Msomaji, Dodoma

Kaka yangu, hapana, sio ile ya Marekani. Hii ni nchi kamili, iko katikati ya milima ya Caucasus na Bahari Nyeusi, juu yake Urusi, chini yake Uturuki na Armenia, wenyewe wanaiita Sakartvelo. Ukubwa wake karibu sawa na mkoa wa Morogoro. Na chumvi sijaongeza, hesabu ambayo wao wanaitaja kila siku ni 525. Ila tuelewane hapo, sio kwamba ukienda dukani unazikuta zote 525 zimepangwa, zinazotengenezwa waini ya kuuza ni chache sana, na hata kati ya hizo mbili ndo zinabeba mzigo, nyeupe inaitwa Rkatsiteli na nyeusi inaitwa Saperavi. Zingine ziko kwenye vitalu vya serikali, kwa wamonaki, na nyingi ziko uani kwa watu, mzee ana mizabibu yake kumi na mbili nyuma ya nyumba na anajua ule pale babu yake aliutoa kijiji gani.

Kwanini nyingi hivo? Kwanza wamekaa na zabibu muda mrefu kuliko karibu mtu yeyote. Kusini ya Tbilisi, mji mkuu wao, kama kilomita 50 kuna kilima kinaitwa Gadachrili Gora, wachimbaji walikuta vigae vya mitungi ya udongo, wakavipima maabara wakakuta asidi ya tartari ambayo kwa sehemu zile ni alama ya zabibu, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba mabaki yale ni ya miaka 6000 kabla ya Kristo, yaani leo ni miaka elfu nane. Pili ni hiyo milima. Bonde hili na bonde lile vimetenganishwa na mlima, huku magharibi karibu na bahari mvua inanyesha mpaka kuta zinaota ukungu, kule Kakheti jua linachoma na ardhi kavu, sasa mkulima wa kila bonde alikuwa anachagua mti uliomfaa yeye, anakata pingili anapanda, mwanae anakata anapanda, ukishapita mda wa kutosha kila bonde lina zabibu yake na jirani hana.

Na hilo la nyekundu na nyeupe, kaka, mbona ya kwenu ina jina? Ile nyekundu inayolimwa sana Dodoma watu wanaiita Makutupora nyekundu, jina la pale pale Makutupora. Na nyeupe ambayo wengi mnayo ni Chenin Blanc, asili yake Ufaransa. Naomba uanze kuitaja kwa jina unapouza, niamini, mnunuzi anayesikia jina anakuuliza swali lingine na lingine, anayesikia "nyekundu" anauliza bei tu.

"Shemeji yangu alituletea chupa imeandikwa Saperavi. Tulipokunywa meno na ulimi vikawa kama tumekula zambarau. Je hawa watu wanatia rangi?" Msomaji, Mombasa

Mfano wa zambarau umeupatia haswa, maana ndo hivohivo inavyofanya kazi. Chukua zabibu nyeusi za kawaida ulizozoea, ikamue moja kwa vidole, utaona maji yake ni meupe tu, rangi yote iko kwenye ganda. Waini nyekundu nyingi duniani zinapata wekundu kwasababu juisi imelazwa pamoja na maganda. Saperavi sio hivo, yenyewe nyama ya ndani pia ni nyekundu, ukiikamua inatoka juisi ya rangi tayari, zabibu za namna hiyo ni chache mno. Na jina lenyewe kwa Kigeorgia maana yake ni kitu cha kutia rangi. Kwahiyo hakuna aliyewaibia, hiyo rangi ni yake ya kuzaliwa.

Sasa ngoja niseme kitu kuhusu lebo maana hapa ndo watu wengi wanapigwa, na mimi nilipigwa. Sikukuu moja nilitaka waini kavu ya kula na nyama, nikaenda duka moja, muuzaji akaniapia kabisa kwamba chupa ile ni kavu, nimefika nyumbani nimewafungulia wageni ni tamu kama soda. Niliumia, maana niliwasifia wageni wiki nzima. Kosa ni kwamba sikujua kusoma. Wageorgia mara nyingi kwenye lebo wanaandika jina la mahali zabibu ilipotoka, sio jina la zabibu. Ukikuta Mukuzani, hiyo ni Saperavi, kavu, imelazwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, nzito. Ukikuta Kindzmarauli, hiyo nayo ni Saperavi hiyohiyo lakini ina utamu nusu. Akhasheni pia Saperavi, pia utamu nusu. Zabibu moja, bonde moja, majina matatu, na ladha hazifanani kabisa.

Utamu hawatii sukari. Kinachofanyika ni kwamba chachu inakula sukari ya zabibu na kuigeuza kileo, wao wanaipoza waini kabla chachu haijamaliza kazi, ikipata baridi inalala, sukari iliyobaki ndo ule utamu. Zamani hawakuwa na mashine ya kupoza, kule Racha milimani baridi ya majira yenyewe ndo ilikuwa inaisimamisha, na ndo maana waini tamu ya asili yenye jina kubwa kule inatoka Racha, inaitwa Khvanchkara, hiyo haina Saperavi, ni zabibu mbili za kwao zimechanganywa, Aleksandrouli na Mujuretuli.

Hiyo Saperavi kavu ina ugwadu na ina ukakasi, ukiifungua tu na kunywa inakukaba kidogo. Fungua mapema, imimine kwenye jagi, iache saa nzima. Ni waini inayoweza kukaa miaka mingi kwenye chupa, ikizeeka ukakasi unalainika.

"Niko London nafanya kazi ya mgahawa, siku hizi kuna waini wateja wanaiulizia sana, ni ya Georgia, wanasema nyeupe lakini ukimimina ni kama chai ya rangi. Bosi anasema ya machungwa. Machungwa yametokea wapi jamani?" Msomaji, London

Hakuna chungwa hata moja humo dada yangu, na Wageorgia wenyewe jina la machungwa hawalipendi, wao wanaiita ya rangi ya kaharabu, na kwakweli ukiishika kwenye mwanga ni kaharabu haswa, ile wanayochongea tasbihi.

Hii kitu nimeiona kwa macho yangu inavyotengenezwa na bado nikiifikiria nasisimka. Kawaida waini nyeupe inatengenezwa kwa kukamua zabibu nyeupe halafu maganda yanatupwa, inachachuka juisi peke yake. Kakheti wanafanya tofauti, zabibu za Rkatsiteli zinakanyagwa, halafu kila kitu kinaenda kwenye mtungi, juisi, maganda, mbegu, mpaka vikonyo. Mtungi wenyewe unaitwa qvevri. Ni wa udongo, umbo la yai, chini umechongoka, na umefukiwa ardhini mpaka shingoni, yaani ukiingia kwenye chumba cha waini huoni pipa wala tenki, unaona sakafu ina matundu. Kuna midogo ya lita chache na kuna ya maelfu ya lita ambayo mtu anashuka ndani kwa ngazi kuiosha. Ndani wameupaka nta ya nyuki ikiwa bado ina joto ili izibe vile vitundu vidogo vya udongo.

Zabibu zikiingia hawaongezi hamira, chachu iliyokuja na maganda toka shambani inatosha. Inaanza kuchemka yenyewe, maganda yanapanda juu, mtu anakuja na mti mrefu anayazamisha, mara kadhaa kwa siku, usiku pia. Mzee wa nyumba niliyokaa alikuwa anaamka saa nane usiku, mi nasikia tu mlango. Baada ya kama wiki mbili hasira inaisha, maganda yanashuka yenyewe, wanafunika mtungi na kuziba kwa udongo, wanaondoka. Mwezi wa tatu au wa nne wanafungua. Hapo ardhi imefanya kazi yake, imeshika ubaridi uleule majira yote, na ile ncha ya chini imefanya kazi yake pia, mbegu zimetangulia kuzama zimekaa kule kwenye kona, maganda na vikonyo vimezifunika, kwahiyo ukali wa mbegu hauingii sana kwenye waini. Mtu aliyebuni umbo lile aliwaza sana.

Ndo maana inakuwa na rangi ya chai, na ndo maana inakuwa na ukakasi kama waini nyekundu, huku ina harufu ya parachichi kavu, zile aprikoti sio maparachichi yetu ya kula na chumvi, na maganda ya tufaa, na chai yenyewe. Wateja wako waambie wasiinywe ikiwa baridi ya friji kabisa, inakufa. Itoe nusu saa kabla.

Mwaka 2013 UNESCO waliuingiza utengenezaji huu wa qvevri kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Na usidhani kila kaharabu ni ya namna moja, ukivuka kwenda Imereti, katikati ya nchi, mtungi hauitwi hata qvevri, unaitwa churi, na wanatia maganda kidogo tu bila vikonyo, zabibu zao ni Tsitska, Tsolikouri na Krakhuna, waini inatoka nyepesi ya dhahabu. Kama mteja anaogopa ukakasi mwanzishe na ya Imereti.

"Nimeona chupa imeandikwa KISI. Mimi ni mtu wa Kisii, nimeuliza kila mtu hakuna anayejua. Ni yetu?" Msomaji, Kisii

Jina tu limefanana, lakini nimefurahi umeuliza maana Kisi ndo zabibu niipendayo kuliko zote kule. Ni nyeupe, ya Kakheti, na ilikuwa inaelekea kupotea kabisa, watu wachache waliobaki na mashina ndo wamekatiwa pingili zikaanza kupandwa upya. Inatoa waini yenye harufu ya peasi iliyoiva mpaka inataka kupasuka. Mwenzake anaitwa Khikhvi, naye alipona kwa tundu la sindano. Ukizikuta nunua, hizi hazilimwi kwa wingi.

Na kwa vile umetaja jina, wasomaji wa Kyela watanielewa, Wakisi wa pale Ziwa Nyasa akina mama wanafinyanga vyungu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika Tanzania. Nilipomuona mfinyanzi wa qvevri akipandisha udongo kidogo leo, anasubiri ukauke, kidogo kesho, bila gurudumu, nikawakumbuka hao akina mama moja kwa moja. Mtungi mkubwa mmoja unamchukua wiki na wiki.

"Shikamoo binti yangu? Au ni mimi nikuamkie, sijui umri wako. Nina miaka 74, niko Bukoba. Ndizi za baba yangu nilizihesabu kwa majina, leo nusu yake siwaonyeshi wajukuu maana hazipo. Hao wenzetu zabibu mia tano walizitunzaje? Au nao zilipotea?" Msomaji, Bukoba

Shikamoo baba yangu. Mimi ni mtoto wako kabisa.

Zilipotea baba. Nyingi. Na barua yako ndo imenifanya niamue safu yote iwe ya hili jambo, maana kilichotokea kule ni kilekile unachokisema wewe, tofauti ni kwamba kule kuna watu waliwahi.

Pigo la kwanza lilikuwa karne ya 19, ugonjwa wa ukungu pamoja na mdudu mdogo anayeitwa filoksera, anakula mizizi ya mzabibu, walitoka Marekani wakafika Ulaya wakafika na kule. Sehemu za magharibi ya Georgia zilikuwa na mizabibu mingi ajabu, ikafutika. Walipopanda upya ilibidi kila mche ubebeshwe juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani ambao mdudu huyo hawezi kuudhuru, na mpaka leo inafanyika hivo. Sasa mkulima akishaambiwa kila mche ni gharama, hapandi aina kumi, anapanda ile anayojua itamlipa.

Pigo la pili ni enzi za Usovieti, Georgia ilipokuwa ndani ya muungano mmoja na Urusi. Mashamba yakawa ya pamoja, kiwanda kinahesabu tani, kazi ya Georgia kwenye muungano ule ikawa kulisha waini nchi nzima. Zabibu inayozaa kidogo ina faida gani kwa mtu anayehesabu tani? Rkatsiteli inazaa vizuri na inavumilia baridi, basi ikapandwa ikapandwa mpaka ikawa moja kati ya zabibu nyeupe zilizolimwa sana duniani. Sio zabibu mbaya, naipenda, lakini ilikaa kwenye viti vya wengine. Halafu 1985 Gorbachev, kiongozi wa Usovieti, akaanzisha kampeni ya kupiga vita ulevi, mashamba ya mizabibu yakang'olewa. Fikiria baba, ni kama mtu aje ang'oe kibanja chako kwa amri ya mkoa.

Kilichookoa ni uani. Hata enzi zile za kiwanda, mtu nyumbani kwake alikuwa na mtungi wake umefukiwa na mizabibu yake juu ya kichanja mbele ya mlango, waini ya nyumbani ya kunywa na wageni na ya kutolea kanisani, na hakuna aliyemuuliza tani ngapi. Pale ndo zabibu zisizo na faida zilijificha. Na monasteri nazo, Alaverdi kule Kakheti ina chumba cha mitungi cha karne ya 11, wamonaki wamerudi wanatengeneza, na wamepanda shamba lenye zaidi ya aina mia za asili kwa ajili tu ya kuzitunza. Serikali nayo ina kitalu Jighaura, karibu na Tbilisi, kina mamia ya aina, na mkulima anaweza kupata miche pale.

Halafu 2006 Urusi ikafunga mlango, ikapiga marufuku waini yote ya Georgia, na Urusi ndo ilikuwa soko karibu lote. Watu walilia. Mlango ulifungwa mpaka 2013. Lakini kwenye miaka hiyo saba ilibidi watafute wateja wengine Ulaya, Marekani, Japani, na hao wateja wapya hawakutaka waini tamu ya bei rahisi, walitaka kujua hii zabibu inaitwaje na inatoka wapi. Zile za uani zikapata bei. Kisi niliyomwambia mwenzetu wa Kisii ilipanda hapo.

Iko moja inaitwa Usakhelouri, ya Lechkhumi milimani, nyekundu, mashamba yake madogo sana, ni katika waini za bei ya juu kabisa nchini. Tafsiri ya jina ni kama "isiyo na jina". Nilipoambiwa hivo nilikaa kimya kidogo, kwamba hata ile ambayo hawakuipata jina waliihifadhi.

Baba, kama una daftari, andika hizo ndizi. Jina, ilikuwa ya kupika au ya kuiva au ya rubisi, na ilikuwa imekaa upande gani wa kibanja. Nitumie, nitazichapa hapa zote.

"Nimeona picha mtu yuko juu ya mti na kikapu, wameandika anachuma zabibu Georgia. Ni kweli au picha za kutengeneza?" Msomaji, Muheza

Ni kweli, na wewe wa Muheza hupaswi hata kushangaa, pilipili manga zenu zinapanda wapi? Magharibi ya Georgia, Guria na Samegrelo, mvua ni nyingi, zamani mzabibu waliupandisha juu ya mti mrefu ili upate hewa na jua, chini ungeoza. Iko zabibu inaitwa Ojaleshi, kwa Kimegreli jina lake linamaanisha ya kuota mtini. Na Guria kuna Chkhaveri, inaiva kwa kuchelewa sana, wanachuma mpaka mwezi wa 11, mtu anapanda na kikapu kilichochongoka chini kama koni, anakijaza anakishusha kwa kamba. Waini yake ni ya waridi, nyepesi, tamu kunywa mchana. Wengi sasa wameishusha kwenye waya kama mashamba mengine, kupanda miti ni hatari na vijana hawataki, ila wachache bado wanapanda.

"Waini hizi zinaliwa na nini?" Msomaji, Kampala

Saperavi kavu na nyama choma, bila kufikiria mara mbili. Kakheti wanachoma nyama juu ya moto wa matawi ya mizabibu waliyopogoa, moto wake unawaka haraka unabaki kaa safi, na chumvi tu na vitunguu. Kaharabu mimi naipeleka na pilau, ukakasi ule unapambana na bizari na mafuta vizuri sana, wao wanaila na biringanya za kukaangwa zilizopakwa jozi za kusaga, zile kokwa ambazo Waingereza wanaziita walnut. Samaki wa kupaka, chukua Tsolikouri.

"Nina shamba Naivasha. Naweza kuleta pingili za Saperavi nipande? Kuna jamaa anasafiri mwezi ujao atanibebea kwenye begi." Msomaji, Naivasha

Kwenye begi hapana. Tafadhali sana. Nimetoka kumwambia mzee wa Bukoba jinsi filoksera ilivyosafiri, ilisafiri hivohivo, kwenye miche ya watu wenye nia nzuri. Pingili inaonekana safi kumbe ina virusi, na ukikosea sio shamba lako tu, ni la jirani na la nchi. Nenda kwa watu wa serikali wa afya ya mimea, omba kibali, mche utoke kwenye kitalu kinachopima na ukifika ukae karantini. Inachukua muda, lakini ndo njia.

Na kabla ya hapo jiulize kama itakupenda. Saperavi imezaliwa kwenye nchi yenye majira ya baridi, inavumilia majira ya theluji, ndo maana imekubali vizuri kule Finger Lakes, jimbo la New York, na Australia nako wanailima. Mzabibu wa nchi za baridi una usingizi wake, unapukutisha majani unalala miezi, ukiamka unajua kazi. Kwetu huku hakuna majira hayo, mzabibu haulali, mkulima ndo anaulaza kwa kisu cha kupogolea, na ndo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Wewe uko juu, karibu mita 1,900, usiku wako una ubaridi, una nafasi kuliko wengi. Anza na mashina kumi. Usianze na ekari.

"Asalaam aleikum. Sisi hapa nyumbani hatunywi, lakini makala yako tuliisoma wote na mama alipenda. Hizo zabibu hawazitengenezi kitu chochote ambacho na sisi tunaweza kula?" Msomaji, Unguja

Waaleikum salaam, na mpe mama salamu zangu. Wanatengeneza, na nilipaswa kuliandika hili mwanzoni kabisa.

Siku za mavuno juisi ikiwa mbichi, kabla haijaanza kuchachuka hata kidogo, wanaitoa nyingine wanaichemsha kwenye sufuria pana mpaka ipungue na iwe nzito kama asali, bila sukari. Inaitwa badagi. Wakiikoroga na unga inakuwa uji mzito wa rangi ya zambarau au dhahabu, kutegemea zabibu. Ukiula kwenye bakuli ukapoa unaitwa pelamushi. Lakini kilichonimaliza mimi ni churchkhela. Wanatunga jozi kwenye uzi mrefu, kama mtu anatunga kikuba, wanauchovya kwenye ule uji ukiwa wa moto, wanautoa wanauning'iniza, ukikauka kidogo wanauchovya tena, mpaka unakuwa mnene kama mshumaa. Zinaning'inia sokoni kila mahali, mgeni anadhani ni mishumaa kweli. Askari zamani walikuwa wanabeba vitani maana haziharibiki na zinashibisha. Upande wa magharibi badala ya jozi wanatumia karanga zao nyingine ndogo za mviringo, kwahiyo mama akitumia korosho hakuna atakayemlaumu.

Nimejaribu jikoni kwangu kwa zabibu nyeusi za Dodoma ikatoka. Kamua kilo tatu, chuja kwa kitambaa, chemsha siku hiyohiyo usiilaze, moto wa wastani, toa povu, mpaka ibaki kama theluthi mbili. Acha ipoe kabisa, koroga unga wa ngano na kiasi kidogo cha hiyo juisi pembeni usiwe na madonge, kama vijiko kumi vya chakula kwa lita, ndo urudishe yote motoni, usiache kukoroga mkono. Ikianza kushika mwiko kama uji wa mgonjwa, chovya. Rudia baada ya saa chache. Mwambie mama aning'inize penye hewa, mbali na sisimizi, wiki moja au zaidi, mpaka ukigusa haunati.